Siku nane Dahomey, na kauri tatu za bibi

Siku ya 1. Jumapili, 6 Machi 2022. Cotonou

Nimefika saa nne usiku. Joto la Cotonou nalijua: ni joto la pwani, zito, linakushika shingoni ukiwa bado kwenye ngazi za ndege. Aliyenipokea ni mdogo wangu wa Bukavu, mkalimani, anaishi hapa mwaka wa sita sasa. Tulijuana Dar alipokuja kikazi, akaniita dada, nikabaki dada. "Karibu dada, nakungoya tangu saa moja," akasema, na papo hapo begi langu likahamia begani kwake.

Ndani ya begi hilo nina kauri tatu. Alinipa bibi yangu mzaa mama, kule Mafia, kabla hajafariki. Maji yakipwa sana, siku za bamvua, bibi alikuwa akiingia mwambani na kikapu chake kutafuta pweza; kauri alizibeba kwa ajili yetu wajukuu, za kuchezea. Kila moja ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Mgongo ni mweupe ulioelekea kijivu, na juu yake pana duara la njano, mithili ya pete ya dhahabu iliyovishwa. Chini pana ufa wenye meno madogo madogo pande zote mbili.

Nimefundisha historia sekondari miaka 22. Ghana, Mali na Songhai tulizipa wiki nzima, na Dahomey, ufalme wa kale wa hapa Benin, tukaipa aya moja: walikuwa na jeshi la wanawake, waliuza watumwa, wakashindwa na Wafaransa. Nimesoma mengi tangu hapo, na aya ile imezidi kunikera. Ndiyo sababu nimekuja kwa akiba yangu mwenyewe.

Siku ya 2. Jumatatu. Soko la Dantokpa

Soko hili liko kando ya maji, pale ziwa Nokoué linapojipenyeza kuelekea baharini. Tulikwenda kwa pikipiki, ambazo hapa huitwa zemidjan, madereva wakiwa na fulana za njano. Njiani yule wangu alisimama kujaza mafuta kutoka chupa kubwa ya kioo kando ya barabara. Ni petroli ya Nigeria, inapitishwa kwa njia za panya, wanaiita kpayo.

Kwenye safu ya dawa na vitu vya vodun, dini ya jadi ya huku, nikaziona. Kauri, sinia kwa sinia. Nyingi mgongo umekatwa, tundu liko wazi kwa ajili ya kupitisha uzi. Nikatoa moja ya bibi nikaiweka kando yake. Katika sinia lile zilikuwamo za aina mbili: zile za njano zenye nundu pembeni, na nyingine zenye alama ya pete, sawasawa na yangu.

Hapa nieleze kidogo, maana jambo hili ndilo lililonitoa nyumbani. Kauri ilikuwa fedha ya Dahomey. Arobaini zilitungwa uzi mmoja. Nyuzi tano, yaani kauri 200, Wareno walikiita kiasi hicho "kuku", na kauri 4,000 wakaziita "kichwa". Kodi ililipwa kwa kauri, sokoni mama alinunua uji kwa kauri, na Mzungu aliyetaka watu wa kupakia merikebuni alikuja na mapipa ya kauri pamoja na bunduki, vitambaa, tumbaku na pombe. Bahari ya huku haizai kauri za kutosha wala za aina hiyo. Zile za njano zenye nundu zilitoka Maldivi. Zilibebwa hadi Bara Hindi na Sri Lanka, zikapanda meli kwenda Amsterdam na London, zikauzwa huko kwa mnada, ndipo zikashuka Ouidah, bandari ya Dahomey. Zilizunguka nusu ya dunia ili zimnunue mtu.

Zenye pete zina historia nyingine. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg waligundua kwamba kauri ya pwani yetu, ya Unguja na visiwa jirani hadi Msumbiji, hupatikana kwa bei ya chini mno. Kampuni ya O'Swald ikafungua ofisi Zanzibar mwaka 1849. Meli zikajazwa kauri hapo kwetu, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikashusha mzigo Lagos na Ouidah. Wakati huo biashara ya watumwa kuvuka bahari ilikuwa inaminywa na manowari za Kiingereza, kwa hiyo kauri zetu zilinunua zaidi mafuta ya mawese. Lakini mawese hayo yalilimwa na nani, na mapipa yalisukumwa na nani hadi pwani? Mashamba ya mfalme na ya matajiri yalikuwa na watumwa. Na miaka hiyo hiyo, Unguja na Pemba, karafuu zilichumwa na nani?

Nilizirudisha kauri zangu begini.

Siku ya 3. Jumanne, 8 Machi. Hazina 26

Leo ni Siku ya Wanawake. Mji mzima wanawake wamevaa vitenge vya sare, makundi kwa makundi, na wengi wao walikuwa kwenye foleni ileile niliyosimama mimi, ya kuingia Ikulu ya Marina. Kiingilio ni bure. Mbele yangu alikuwapo bibi mmoja aliyeshikwa mkono na mjukuu. Alikuwa amevaa shanga zake zote.

Mnamo Novemba 1892 Wafaransa waliingia Abomey, mji mkuu wa Dahomey, wakiongozwa na Alfred-Amédée Dodds, ofisa chotara aliyezaliwa Saint-Louis, Senegal. Walibeba viti vya enzi, sanamu, milango ya ikulu na vifaa vya mizimu ya kifalme. Dodds mwenyewe ndiye aliyevitoa kwa jumba la makumbusho la Paris. Miaka karibu 130 vilikaa huko. Sheria ya kuvirudisha ilipitishwa Ufaransa Desemba 2020, na tarehe 10 Novemba 2021 vitu 26 vilitua Cotonou, watu wakiwa wamejipanga barabarani kuvipokea kama mtu anayepokea jeneza la baba yake lililokawia.

Sanamu tatu kubwa za wafalme wa Dahomey zimesimama pamoja. Ghezo, nusu mtu nusu ndege. Glele, mwanawe, ana kichwa cha simba na ngumi mbele kama mpigana masumbwi. Behanzin, mjukuu, ni papa mwenye miguu ya mtu. Sanamu ya simba na ya papa zilichongwa na Sossa Dede, na nafurahi kwamba jina lake limehifadhiwa, kwa sababu mafundi wetu wengi walipotea majina hata kazi zao zilipobaki. Yule bibi wa shanga alipofika mbele ya Glele alipiga magoti taratibu, akagusa sakafu kwa paji la uso. Hakuna mlinzi aliyemwambia kitu. Mjukuu naye akapiga magoti. Nikasogea pembeni, nikalia.

Kisha nikafika kwenye kiti cha enzi cha Cana, mji jirani na Abomey.

Ni kiti cha mti, kirefu, kimechongwa kwa ghorofa mbili. Ghorofa ya juu yuko mfalme chini ya mwavuli na wake zake. Ya chini kuna watu wamepangwa safu, wamefungwa. Mateka. Fundi aliwachonga mmoja mmoja, kila mmoja na mabega yake. Nilichuchumaa ili macho yangu yawe usawa wao. Kamba ikitoka kwa huyu kwenda kwa yule, mfalme akiwa juu ya vichwa vyao, na juu ya mfalme ndipo mfalme aliye hai alipokuwa anakaa.

Mdogo wangu akaniinamia. "Dada, uko sawa?"

Nikamwambia kiti hiki kiliibwa, na ni haki kirudi. Na hawa wa chini nao waliibwa.

Akakaa kimya kidogo. "Kweli. Lakini hawa hakuna mutu mwenye alibarudisha."

Siku ya 4. Jumatano. Ganvié

Asubuhi, mtumbwi kutoka Abomey-Calavi, saa moja hivi juu ya maji ya kahawia. Uvuvi wa huku ni wa kupanda matawi ya miti ziwani, samaki wanakuja kujificha na kuzaliana, kisha wavuvi wanazungusha nyavu. Ukitazama kwa mbali unadhani msitu umefurika.

Ganvié ni mji wa nyumba zilizosimama juu ya nguzo. Watofinu walikimbilia hapa wakiwahepa wawindaji wa watumwa, na husimuliwa kwamba askari wa Dahomey walikatazwa na dini yao kupigana majini. Jina lenyewe linafasiriwa kuwa "tumeokoka". Mama mmoja alitupita na mtumbwi umejaa nyanya, akipiga kasia kwa mkono mmoja na mwingine ukimshika mtoto anayenyonya. Ukitaka kujua ufalme ulikuwa na nguvu kiasi gani, tazama watu walivyokubali kuishi ili usiwafikie.

Siku ya 5. Alhamisi. Allada hadi Abomey

Barabara ya kaskazini, udongo mwekundu, michikichi pande zote. Tulisimama Allada, kilomita hamsini na ushee kutoka Cotonou. Hapo pana sanamu ya Toussaint Louverture, aliyewaongoza watumwa wa Haiti katika mapinduzi yaliyoivunja Ufaransa kule. Ukoo wake unahesabiwa kutoka hapa.

Allada ndiyo kitovu cha hadithi yote. Wanasimulia kwamba mapema karne ya 17 ndugu waligombea kiti. Mmoja alibaki Allada, mmoja akaenda kusini-mashariki na ukoo wake ukaanzisha Porto-Novo, na tawi la tatu likapanda kwenye uwanda wa juu wa Abomey, likaomba ardhi kwa wenyeji. Waliomba tena, wakaomba tena. Chifu mmoja aliyeitwa Dan akachoka: "Mtakuja kujenga mpaka tumboni mwangu?" Wakamuua, wakajenga juu yake. Dan-xo-mè, tumboni mwa Dan. Ufalme uliojipa jina la namna hiyo ulikuwa umeshatangaza sera yake.

Houegbadja, aliyetawala takriban kuanzia 1645 hadi 1685, ndiye anayehesabiwa mjenzi wa dola. Alama yake ni samaki na mtego: samaki aliyeponyoka harudi mtegoni. Lakini aliyeipeleka Dahomey baharini ni mwanawe, Agaja. Mwaka 1724 aliiteka Allada, hii hii ya mababu zake, na mwaka 1727 akauteka ufalme wa Hueda pamoja na bandari ya Ouidah. Wapo wanaosema alitaka kuikomesha biashara ya watumwa. Sijashawishika. Alichokitaka ni kumwondoa dalali wa katikati, na baada ya muda mfupi mfalme mwenyewe ndiye alikuwa muuzaji mkuu. Juu yake palikuwa na Oyo, dola ya Wayoruba yenye farasi, iliyoivamia Dahomey mara kadhaa hadi ikakubali kulipa ushuru. Ushuru huo ulilipwa kwa karibu karne nzima. Ghezo ndiye aliyeukata, mwaka 1823.

Tumefika Abomey jua likizama. Wali na kuku, sima nyekundu ya nyanya iitwayo amiwo, usingizi.

Siku ya 6. Ijumaa. Ikulu

Tulianza mapema kukwepa jua. Kwanza mdogo wangu alinifundisha kumwamkia mzee wa ukoo wa kifalme aliyekubali kutupitisha: unashuka chini, unamwita Daa. Nilishuka. Kwetu ningesema shikamoo. Goti lilikuwa geni kidogo, heshima ni ileile.

Ikulu za Abomey ni mji. Kila mfalme alijenga yake kando ya ile ya baba yake badala ya kuibomoa, hata eneo likafika zaidi ya hekta 40, likiwa na kuta nene za udongo. UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1985. Sehemu za Ghezo na Glele ndizo zilizohifadhika vizuri zaidi.

Ukutani kuna michongo ya udongo yenye rangi, mraba kwa mraba. Hii ndiyo iliyokuwa maktaba yao. Nilisimama mbele ya mraba mmoja: mwanamke askari amembeba adui begani kama mzigo wa kuni. Udongo ulikuwa umepasuka kidogo kwenye kiuno chake na nyigu alikuwa akiingia na kutoka.

Wanawake hao Wazungu waliwaita Amazoni. Wafon, watu wa Dahomey wenyewe, waliwaita mino, mama zetu. Walihesabiwa kuwa wake wa mfalme, waliishi ndani ya ikulu, hawakuruhusiwa kugusana na mwanamume mwingine. Chini ya Ghezo idadi yao ilifika maelfu. Lakini jambo ambalo aya yangu ya darasani haikulisema ni kwamba bunduki ilikuwa sehemu tu. Kila ofisa wa kiume wa dola, waziri mkuu aitwaye Migan, waziri wa pili aitwaye Mehu, jemadari, alikuwa na mwenzake wa kike ndani ya ikulu anayeyasikia maneno yake na kuyakumbuka. Na kando ya mfalme alikuwapo kpojito, mama wa chui, mwenye mali na kauli yake. Wanafunzi wangu wa kike wangekaa wima kulisikia hili.

Daa alitupeleka kwenye kiti cha Ghezo. Miguu minne ya kiti imekalia mafuvu manne ya watu, maadui zake. Yeye alieleza kwa sauti ileile aliyoelezea milango. Kisha mizinga: kwa mujibu wake, mzinga mmoja ulinunuliwa kwa wanaume 15 wenye nguvu au wanawake 21. Nilimwomba mdogo wangu amwulize Daa anajisikiaje anapoyasimulia haya kwa wageni. Daa alinitazama mimi, si mkalimani. Akasema babu zake waliuza, na babu wa mama yake waliuzwa, kwa hiyo hana upande wa kukimbilia.

Nitalibeba jibu hilo maisha yangu yote.

Ndani ya ua palikuwa na vibanda vya mafundi wa nguo za kushonea picha. Kila mfalme ana alama yake: kinyonga wa Akaba, merikebu ya Agaja, nyati wa Tegbesu aliyevaa kanzu, nanasi la Agonglo, simba wa Glele. Nilizihesabu nikaona mmoja hayupo. Adandozan alitawala kuanzia 1797 hadi 1818, akapinduliwa na ndugu yake Ghezo, aliyesaidiwa na mfanyabiashara wa watumwa kutoka Brazil, Francisco Félix de Souza. Baada ya hapo jina lake likafutwa. Inasimuliwa kwamba ndiye aliyemuuza Agontimé, mama yake Ghezo, ng'ambo ya bahari, na wapo wanaoamini kuwa mama huyo ndiye aliyepeleka mizimu ya kifalme ya Abomey hadi São Luís, Brazil. Mama wa mfalme mwenyewe alipita njia ile. De Souza alilipwa cheo cha Chacha na ukiritimba mkubwa wa biashara pale Ouidah.

Alama ya Ghezo inayopendwa kuliko zote ni mtungi uliotobolewa matundu mengi, na mikono mingi imeuzunguka. Kila mwana wa nchi akiziba tundu moja kwa kidole chake, maji hayatamwagika. Ni picha nzuri kweli. Nilinunua kitambaa chake. Nikiwa nalipa nikawaza vidole vingapi vilivyokuwa vimeshapandishwa merikebuni.

Siku ya 7. Jumamosi. Goho, Cana

Uwanja wa Goho una sanamu ya Behanzin, mkono umenyooshwa kama anayemwambia mtu: ishia hapo. Ni mahali alipojisalimisha Januari 1894.

Dahomey ilishushwa na mambo mengi kabla risasi hazijaanza. Ilijaribu kuiteka Abeokuta, mji wa Wayoruba, mwaka 1851 na tena mwaka 1864, mara zote mbili ikarudi na maiti wengi, wakiwamo wale wanawake hodari. Manowari za Kiingereza zilifunga pwani mwaka 1851, na Januari iliyofuata Ghezo akatia saini kuacha kuuza watu nje. Hata hivyo mwaka 1860, chini ya Glele, meli iitwayo Clotilda iliondoka Ouidah na watu wapatao 110 kwenda Alabama, ya mwisho inayojulikana kuwafikisha mateka Marekani. Mawese yalileta fedha, lakini mawese kila mtu mwenye shamba anaweza kuuza, hayashikiki na mfalme mmoja kama mateka wa vita. Bei ya mawese ikashuka Ulaya. Na kauri, zile za kwetu, zilimwagwa kwa wingi kiasi kwamba thamani ikaporomoka. Mtu aliyejaza vyungu vya akiba maisha yake yote alijikuta na vyungu vya magamba. Haya ya kauri hayawekwi kwenye sanamu.

Porto-Novo, binamu wa kale, chini ya mfalme Toffa, ikajikabidhi kwa Ufaransa. Wafaransa wakashikilia kwamba Cotonou ni yao kwa mikataba ya 1868 na 1878. Abomey ikakana. Vita ya kwanza ilikuwa 1890. Ya pili ilianza 1892, baada ya mashua ya kivita ya Wafaransa kushambuliwa kwenye mto Ouémé. Dodds alipanda na mto huo. Dogba tarehe 19 Septemba, kisha pambano baada ya pambano, wiki nane za umwagaji damu. Behanzin alikuwa amenunua bunduki za kisasa na mizinga ya Krupp kwa Wajerumani, lakini Wafaransa walikuwa na bunduki za Lebel, singe ndefu na mashua zenye mizinga. Wanawake walikwenda mbele, na walipigana hadi maofisa wa Kifaransa wakaandika sifa zao kwenye taarifa.

Cana ilianguka mapema Novemba. Tulikwenda huko mchana, kilomita kama kumi kutoka Abomey; ni mji mtulivu, mbuzi kivulini, watoto wanacheza mpira. Tarehe 17 Novemba 1892 Wafaransa waliingia Abomey na kukuta moshi. Behanzin aliichoma ikulu mwenyewe kabla ya kuondoka. Alijificha zaidi ya mwaka mmoja, kisha akaja Goho. Walimpeleka Martinique, baadaye Algeria, na huko alifariki Desemba 1906 bila kuiona tena nchi yake. Mifupa yake ilirudi 1928. Ndugu yake Agoli-Agbo aliwekwa kitini chini ya Wafaransa, na mwaka 1900 wakamwondoa naye.

Nilikaa chini ya sanamu mpaka taa za barabarani zikawaka. Nilimhurumia mtu yule kutoka moyoni. Nilikuwa bado nawaona wale wa ghorofa ya chini ya kiti.

Siku ya 8. Jumapili, 13 Machi. Ouidah

Ndege yangu ni usiku. Alfajiri tumeshuka hadi Ouidah.

Mjini, hekalu la chatu linatazamana na kanisa kuu la Bikira Maria, njia moja tu katikati. Tuliingia kote, tukaanza kutembea. Njia ya watumwa inaanzia uwanja wa Chacha, karibu na nyumba ya ukoo wa de Souza, hadi baharini, karibu kilomita nne. Mdogo wangu alikuwa ameshasema tusipande pikipiki: "Hii njia, dada, ni ya muguu."

Panapotajwa mti wa kusahau, wanaume walizungushwa mara tisa, wanawake mara saba, ili wasahau walikotoka. Mti haupo tena, pana sanamu. Mbele kidogo ni Zomaï, mahali ambapo moto hauingii: walifungiwa gizani ili wazoee tumbo la meli. Zoungbodji kuna kaburi la pamoja la waliokufa wakingoja. Na mti wa kurudi bado umesimama. Huo waliuzunguka mara tatu, ili roho zijue njia ya kurudi baada ya kifo. Nilipouzunguka mdogo wangu alinifuata bila kuniuliza. Vumbi jekundu lilikuwa limetufika magotini.

Huku wana simulizi moja ya zamani kuhusu kauri. Walisema zinavuliwa baharini kwa kutumia maiti za watumwa: maiti hutupwa majini, kauri humshikilia kumla, kisha huvutwa juu na kuchunwa. Nilipoisoma mara ya kwanza niliiona ni ushirikina. Leo, mchanga wa pwani ya Ouidah ukiwa unaniunguza nyayo, nimeiona ni hesabu sahihi iliyofanywa na watu ambao hawakuonyeshwa daftari.

Lango la Kutorudi ni tao kubwa lililozinduliwa 1995. Juu yake wamechorwa watu uchi, safu mbili, migongo kwetu na nyuso baharini. Nyuma yake mawimbi ya huku ni makali, hayana mwamba wa kuyavunja kama kwetu. Wavuvi walikuwa wakivuta juya, watu kama thelathini, wazee na watoto kwenye kamba moja, wakiimba. Tuliombwa tushike kamba, tukashika. Samaki walikuwa kidogo.

Kurudi tulipitia sokoni kununua maji. Mama mmoja mwenye meza ya shanga alikuwa na bakuli la kauri. Nilitoa zangu tatu nikaziweka kiganjani mwake. Akazigeuza moja moja, akapitisha kidole kwenye pete ya njano, akauliza mbona hazijatobolewa, na zimetoka wapi. Mdogo wangu akamweleza: kisiwani, upande wa pili wa Afrika, bibi wa huyu aliziokota.

Akauliza kule zinauzwa bei gani.

Nikasema haziuzwi, watoto wanachezea.

Alishangaa. Akaniuliza kama siku nyingine ninaweza kumletea gunia.

Mdogo wangu alilitafsiri swali hilo, kisha akalirudia, akidhani sikusikia.